Tazama Miguu Kabla ya Pembe

Ulimwona. Usituambie hukumwona. Ulipita na pikapu yako kwenye barabara ya chokaa, ukamwona Anselmo Benavides amesimamishwa kando ya ua wa waya, pingu mikononi, kofia yake imeanguka chini na hana mkono wa kuiokota. Ukapunguza mwendo, ukatazama, ukasema moyoni, "Kumbe naye mwizi." Kisha ukaongeza sauti ya redio ukaenda zako kununua mkaa wa kuchomea nyama. Babu yako naye alipita hivyo hivyo siku ua ule ulipojengwa, babu yake Anselmo akabaki ndani ya waya na nyumba yake na kipande cha shamba, kama kuku aliyesahauliwa kwenye tenga. Wewe umesahau. Wengine hatusahau. Basi kaa hapo usikilize ulichokikimbia.

Miguuni pa Anselmo alilala kulungu dume asiye na kichwa.

Mpelelezi Ofelia Treviño wa ofisi ya sherifu alishuka garini akifunga kola ya koti. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeingia usiku, na mipungate ilikuwa na barafu kwenye miiba. Ofelia alikuwa mtoto wa bucha. Marehemu baba yake alichuna kulungu wa wilaya nzima, na yeye alijifunza kuhesabu kwa mbavu.

"Hata mkoba usiutoe, binti," alisema Royce Hambrick, mwenye ardhi, akiwa amesimama kifua mbele. "Kesi imekwisha. Mwizi huyo, msumeno huo, mzoga huo. Kilichopotea ni kichwa tu."

"Chako nakiona bado kipo, Bwana Royce."

Dale Ottmers, askari kijana aliyefika wa kwanza na kufunga pingu, alikohoa ili asicheke.

Inakubidi umjue Royce Hambrick, ingawa unamjua. Huyu hakufuga kulungu. Alifuga pembe. Pembe za kulungu hudondoka kila mwaka na kuota upya, na kila mwaka Hambrick alizingoja kama mkulima anayengoja mvua. Aliwamwagia wanyama wake mahindi na chakula cha madini. Alifunga kamera mitini. Aliwapa madume majina, akawajua umri kwa kulegea kwa tumbo. Dume mwenye pembe nzuri aliachwa azeeke na kuzaa. Mwenye pembe mbaya alichujwa kwa risasi, akawa soseji. Na katika kundi lote hapakuwa na kama Jenerali, baba wa nusu ya kundi, mwenye pembe pana kama kitanda cha mtoto.

"Huyu ndiye Jenerali?" Ofelia aliuliza.

"Ndiye. Angeshinda tuzo ya wilaya mwaka huu. Tawi la pembe ya kushoto refu kama mkono wangu."

Ofelia alichuchumaa. Tundu la risasi lilikuwa moja, nyuma ya bega, risasi ya mtu anayejua. Shingo ilikatwa kwa kisu kwanza, mfupa kwa msumeno. Chini ya shingo nyasi zilikuwa kavu. Palikuwa na damu kidogo, kama ya kunyoa ndevu.

"Hakufia hapa," alisema. "Ameletwa. Ottmers, hizi alama za matairi umezipiga picha?"

"Bado, Afande."

"Basi acha kuzikanyaga."

Ottmers aliruka kama aliyekanyaga nyoka.

Ofelia alipitisha vidole mgongoni mwa mnyama. Minofu ya mgongoni ilikuwepo yote. Akashuka kwenye mapaja, mguu mmoja, kisha mwingine. Kwenye mguu wa nyuma wa kulia vidole vilisimama. Palikuwa na fundo kubwa kama limau, mfupa uliovunjika zamani ukajiunga wenyewe. Alilibonyeza, akamtazama Hambrick.

"Anselmo," alisema akiinuka. "Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye hori la maji ya ng'ombe, navunja barafu."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

"Umemuua kulungu huyu?"

"Ningemuua, Ofelia, sasa hivi ungekuta ananukia kitunguu. Maskini gani anaacha minofu akala kichwa?"

"Msumeno?"

"Wa banda la kuchunia. Kila mtu anautumia. Kuuosha ndiyo kazi yangu peke yangu."

"Na gari lako?"

"Liko juu ya matofali tangu Pasaka. Kuku ametaga chini ya usukani."

"Nimehakikisha, Afande," alisema Ottmers kwa unyonge. "Mayai yapo."

Hambrick alitema mate pembeni. "Ameazima gari. Hamjui hawa watu? Babu yake alidai ardhi hii ni yake. Baba yake akadai. Naye anadai kimoyomoyo, sasa ameona anikomoe."

"Kimoyomoyo?" Anselmo alicheka kicheko kikavu. "Nadai kwa sauti, bosi. Kila Krismasi unakuja kuniomba nikuuzie kile kipande kilichobaki, na kila Krismasi nakujibu kwa sauti mpaka mbwa wanabweka."

Hapo ndipo penyewe. Nyumba ya Anselmo ilionekana kutoka pale, bati lake linang'aa ng'ambo ya vichaka, katikati ya ardhi ya Hambrick kama kijiwe kwenye kiatu. Anselmo akifungwa, kazi imekwenda. Kazi ikienda, kodi ya ardhi hailipiki. Na anayengoja kununua anajulikana.

"Twendeni jikoni," alisema Ofelia. "Huku kuna baridi, na mimi nataka kahawa."

"Na mtuhumiwa?" aliuliza Ottmers.

"Yeye hanywi kahawa? Mlete. Na muokotee kofia yake."

*

Jiko la kambi ya wawindaji lilikuwa na joto na mvuke. Chelo, mke wa Anselmo, alikuwa mezani na kilima cha majani ya mahindi, anapaka unga, anaweka nyama, anakunja, anafunga. Tamale za Krismasi. Alipomwona mumewe na pingu hakulia. Aliupiga unga kofi.

"Ofelia, mwanangu. Mama yako alikuzaa nikiwa nimemshika mkono. Leo unaniletea mume wangu amefungwa kama hizi tamale?"

"Si mimi niliyemfunga, Bi Chelo."

"Ni nani?"

Ottmers alijificha nyuma ya jagi la kahawa.

Ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, vilikuwa vimepigiliwa vipande vya vitambaa vya rangi rangi. Mapindo ya mashati. Desturi unaijua. Anayekosa shabaha hukatwa upindo wa shati lake. Ila kwa Hambrick adhabu ilikuwa ya kosa jingine, la kumuua dume asiyestahili kufa. Pale ukutani palikuwa na upindo wa jaji, wa mchungaji, wa daktari wa mifugo na wa wenyeviti wawili wa vyama vya wawindaji, kila mmoja na jina la mwenyewe kwa wino. Wageni waliingia wakasoma kwa sauti, wakashika mbavu. Hapakuwa na upindo wa Royce Hambrick. Alipenda kusema hivyo kabla hata ya kuombea chakula.

Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake: TAZAMA MIGUU KABLA YA PEMBE.

Ofelia aliyasoma maneno yale, akavuta kiti.

"Bi Chelo, risasi ngapi umesikia alfajiri?"

"Moja. Mbali, upande wa kibanda cha bosi cha kuvizia. Sikushangaa, ni msimu."

"Na hizi tamale zote utaziweka wapi?"

"Ndiyo nakwambia. Nimepika za wilaya nzima, halafu asubuhi bosi anakuja ananiambia friza ni bovu, amelifunga kwa kufuli, nisiliguse. Niziweke wapi, mfukoni?"

Kona ya jiko friza kubwa jeupe lilikuwa linanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Taa yake ndogo ya kijani inawaka.

Ofelia alilisikiliza. Ottmers akalisikiliza. Hata Anselmo aligeuza sikio.

"Kwa friza bovu," alisema Ofelia, "lina afya."

"Linanguruma kwa ubovu," alisema Hambrick upesi.

Mlango ulifunguka akaingia Lurleen Hambrick, mkewe, na mabuti ya matope na sweta lenye picha ya kulungu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti na wa moyo. Alimtazama Anselmo, akatazama pingu, kisha akamtazama mumewe.

"Royce, hii ni nini?"

"Kaa chini, mama."

"Mama yako yuko makaburini. Hii ni nini?"

"Jenerali ameuawa," alisema Ofelia. "Bi Lurleen, kaa tu. Namuuliza Bwana Royce maneno machache. Bwana Royce, mara ya mwisho ulimwona lini Jenerali akiwa hai?"

"Oktoba."

"Alikuwaje?"

"Mzima kama fahali. Pembe zimekomaa, kushoto kama nilivyokwambia, mkono mzima."

"Anachechemea?"

"Jenerali? Hajawahi kuchechemea tangu azaliwe."

"Oktoba?" Lurleen alikunja uso. "Wewe si umelalamika mwaka mzima kwamba tangu baridi ya mwaka jana hajaonekana? Kwenye kamera hayupo, kwenye mahindi hayupo. Umeninyima usingizi na Jenerali wako kama mume mwenye mpenzi aliyemkimbia."

Chelo aliinama kwenye unga, mabega yanamtikisika.

"Nilimwona Oktoba," alisema Hambrick. "Nilisahau kukwambia."

"Wewe? Usahau kusema habari za pembe?"

"Tuseme ulimwona," Ofelia alisema. "Leo asubuhi umekuta mzoga hauna kichwa. Hauna pembe, hauna uso, hauna masikio. Ulijuaje ni Jenerali?"

Hambrick alivua kofia akaivaa tena.

"Kwa mwili."

"Madume wako wote wanakula chakula kimoja. Nimewaona, wamefanana kama magunia."

"Mtu anamjua mnyama wake."

"Kwa kipi?"

"Kwa... ule mguu."

"Mguu gani?"

"Wa nyuma. Wa kulia. Una fundo."

Friza likanguruma.

"Umeniambia hajawahi kuchechemea," alisema Ofelia polepole. "Lile fundo si la jana, Bwana Royce. Mfupa ule umevunjika baridi ya mwaka jana, ukajiunga vichakani, ndiyo maana hakuonekana. Kulungu mgonjwa haji kwenye mahindi, anajificha. Sasa nisaidieni nyote, maana hapa ni shuleni kwake. Mguu wa nyuma wa kulia ukivunjika, pembe inayoota baada ya hapo inakuwaje?"

"Ya kushoto inaharibika," alisema Anselmo.

"Inapinda kama mshumaa uliolala juani," alisema Chelo.

"Mwaka mmoja, pengine miwili, halafu inarudi," alimalizia Lurleen, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kubadilika. "Royce hutuhubiria jambo hili kila Sikukuu ya Shukrani kabla ya kula bata mzinga. Pembe hudanganya, mguu haudanganyi."

"Basi lile tawi la mkono mzima halikuwepo," alisema Ofelia. "Mwaka huu Jenerali alikuwa na pembe mbovu kuliko madume wote wilayani. Mwizi wa nyama angechukua nyama. Imeachwa. Mwizi wa pembe asingetaka pembe ile hata ya kuning'inizia taulo. Nani basi alikihitaji kile kichwa? Mtu mmoja tu, asiyetaka kionekane."

Hambrick alikuwa mwekundu kama pilipili ya Chelo.

"Hiyo ni hadithi. Huna ushahidi. Na hili jiko ni langu, bila hati ya upekuzi hugusi kitu."

"Kweli kabisa," alisema Ofelia, akanywa kahawa yake. "Kahawa nzuri hii, Bi Chelo. Inataka barafu kidogo tu."

Lurleen aliinuka.

"Jiko ni lako, Royce. Friza ni la marehemu mama yangu, na lina tamale za marehemu mama yangu za mwisho ambazo sijaruhusu mtu azile." Alichukua nyundo ya kulainishia nyama iliyokuwa mezani kwa Chelo. "Ofelia, unataka barafu?"

"Ukinikaribisha."

"Karibu sana, mwanangu."

Kufuli liliruka kwa pigo la pili.

Juu palikuwa na barafu. Chini ya barafu, tamale za marehemu. Chini ya tamale, gunia la chakula cha madini, limefungwa kwa kamba. Ofelia alivaa glavu akalifungua. Jenerali aliwatazama. Pembe ya kulia ilikuwa bado ya kifalme. Ya kushoto ilikuwa kishina kilichokunjamana na kuelekea jichoni, kama kidole cha bibi anayekanya mtu. Na sikio moja lilikuwa na pengo, alama ya waya aliyoipata akiwa mdogo, ambayo kila mtu pale jikoni aliijua.

"Ewe Royce," alisema Lurleen. "Umemlaza na mama yangu."

Hambrick aliketi. Kifua kilichokuwa mbele tangu asubuhi kilirudi ndani.

"Alikuwa kwenye majani marefu," alisema. "Yamemfika tumboni. Niliona pembe tu. Nikasema, hili ni takataka, nilichuje. Mbali vile, sikumjua."

"Na miguu?"

"Sikutazama miguu." Aliinua macho kwenye maandishi yake mwenyewe. "Nilipofika nikaona sikio. Niliketi naye pale, Ofelia. Nilimlea kwa mahindi yangu. Mwaka ujao pembe ingerudi."

"Halafu?"

"Halafu nikaufikiria ukuta huu." Hakuutazama. "Mchungaji angenicheka madhabahuni. Kumficha mzima haiwezekani, tai wangemfichua kabla ya saa ya chakula, na kila mtu analijua sikio lile. Nikakata kichwa. Kukitupa nikashindwa."

"Hayo ya kicheko nimeyaelewa," alisema Ofelia. "Bado hujaniambia Anselmo ameingiaje."

Hambrick alitazama dirishani. Kisha akasema, na hapa usigeuze uso maana ndilo neno lenyewe:

"Nilipoinua kichwa nikaona bati la nyumba yake."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga mzoga nyuma ya pikapu, nikauburuta mpaka kwenye ua wa waya karibu na kwake. Nikatupa msumeno. Nikapiga simu."

"Babu yako alihitaji mawakili na miaka kumchukulia babu yangu ardhi," alisema Anselmo. "Wewe umetaka kumaliza kwa kulungu mmoja kabla ya kifungua kinywa. Maendeleo hayo."

Chelo alicheka kwanza. Kisha Lurleen, huku machozi yanamtoka, na Ottmers, ambaye alikuwa anahangaika na ufunguo wa pingu na kuuangusha mara mbili. Hambrick mwenyewe hakucheka. Alikuwa amekiogopa kicheko hicho kiasi cha kutaka kumfunga mtu, na sasa kilikuwa kimejaa jiko zima, na paa halikuanguka.

"Royce Hambrick," alisema Ofelia, "kumuua kulungu wako msimu wa kuwinda si kosa la jinai. Ungemleta hapa ungekatwa shati, ukala. Nakukamata kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, kutengeneza ushahidi, na kutelekeza nyama ya mnyama uliyemuua. Hilo la mwisho baba yangu angekunyonga."

"Subiri kwanza," alisema Lurleen.

Alichukua mkasi wa jikoni. Hambrick alisimama mwenyewe, akageuka, akavuta shati nje ya suruali. Lilikuwa shati zuri, jeupe, la mistari ya buluu. Mkasi ulilia krrr. Lurleen alimpa Anselmo kile kipande, na Anselmo akasugua vifundo vya mikono yake vilivyokuwa vimetoka kufunguliwa, akachukua msumari, akaupigilia upindo ule juu kabisa, chini ya maandishi.

"Na kile kichwa," alisema Lurleen, "kesi ikiisha kitatundikwa hapo hapo. Na pembe yake mbovu."

"Nyama je?" Chelo aliuliza. "Kuna baridi, haijaharibika bado. Ushahidi unaliwa, mwanangu?"

"Ukishapigwa picha, na askari wa wanyamapori akiuruhusu, unagawiwa wenye mahitaji."

"Mimi nina mahitaji," alisema Chelo. "Nimebakiwa na unga."

Nje, Ottmers alimfungulia Hambrick mlango wa mbele wa gari, kama wa bwana harusi.

"Nyuma," alisema Ofelia. "Na pingu."

"Afande, Bwana Hambrick?"

"Zile zile."

Zilikuwa bado na joto la mikono ya Anselmo. Upepo ulivuma, kofia ya Hambrick ikaruka ikaanguka kwenye chokaa, na mwenyewe akabaki akiitazama kwa mikono iliyofungwa. Anselmo alishuka ngazi, akaiokota, akaikung'uta gotini, akamvika. Alimvika vizuri, ikakaa sawa.

"Najua inavyokuwa," alisema.

Na hapo ndipo ulipopita tena na mkaa wako. Safari hii ulisimama. Ulizima redio, ukateremsha kioo, ukauliza, "Kumetokea nini?" Kwa sababu aliyefungwa alikuwa Hambrick. Kwa tajiri ulikuwa na swali. Kwa Anselmo hukuwa nalo.

Basi sasa unalo. Kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe kuna mtu ameketi leo hii, kofia yake imeangukia mahali. Weka chini unachosoma. Nenda ukaulize jina lake. Uliza nani amemshtaki, na nyumba yake inatazamana na ardhi ya nani. Uliza mzoga uliburutwa na gari la nani. Wakikwambia kesi imekwisha, vuta kiti, omba kahawa, uliza tena. Usiseme kesho. Kesho watakuwa wameshafuta alama za matairi. Inuka.